Siku Gololi Zilipotoa Nundu Mbili

Nimestaafu. Keki imeliwa, hotuba zimesemwa, na nimepewa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kumpa mtu aliyeamrishwa na kengele maisha yake yote na ndiyo kwanza ameachiliwa. Siku ile ya keki ninyi walimu vijana wa idara ya fizikia mlinizingira mkisema, "Madamu, tuandikie mambo ya kazi." Nikacheka nikakataa. Wiki ya pili nyumbani nikajikuta nimekaa mezani na kalamu mkononi, kwa hiyo mmeshinda.

Sitaandika habari za vyeo wala mshahara. Vyeo vingine havikuja na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya jambo moja lililonifanya nipende kazi hii hadi mwisho, nalo ni hili: katika hewa mnayoivuta hivi sasa, molekuli hazikimbii kwa kasi moja. Kuna zinazojikokota, kuna kundi kubwa la katikati, na kuna vichaa wachache wanaopita kama wamefukuzwa. Nimelifundisha jambo hili miaka mingi, na hadi leo nikilisema mwili unanisisimka. Kama wewe ni mwalimu wa fizikia na halikusisimui, rudi ulisome upya.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyoanza nayo. Baba yangu alikuwa askari polisi kutoka Acholi, nasi tulikulia kambini Naguru, mahali ambapo jirani wa kushoto alikuwa Mteso, wa kulia Mlugbara, na bila Kiswahili hata chumvi usingeazima. Darasani nilifundisha kwa Kiingereza kama sheria inavyotaka. Lakini nikifurahi sana au nikikasirika sana, Kiswahili kilitoka chenyewe, na wanafunzi walijifunza kutofautisha haraka sana.

Nilianza kazi katika shule yetu ile ya Old Kampala, nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi, nikiwa na viatu vipya vilivyonibana na diploma ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Nilionyeshwa maabara. Kila meza ilikuwa na bomba la gesi, na gesi yenyewe haikuwepo. Kulikuwa na kabati la vioo vilivyopasuka, mizani miwili, sumaku zilizochoka, na katikati ya hayo yote mwanamume mfupi mwenye brashi ya rangi mkononi. Alikuwa anapaka rangi ya fedha kwenye miguu ya kiti.

Huyo ndiye Ssalongo, fundi wa maabara. Jina lake halisi nililisoma mara moja tu kwenye karatasi. Kwa Waganda baba wa mapacha huitwa Ssalongo, na heshima hiyo ikishakushika haikuachii. Alikuwa amebakiwa na rangi ya fedha tangu siku shule ilipopaka geti, akaapa haitaharibika. Alipaka vishikio vya droo, alipaka vyuma vya kushikia chupa, na mwaka mmoja alipaka pendulamu nzima pamoja na uzi wake. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Madamu, kitu ukipaka rangi, watu inakiheshimu."

Ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni walinifundisha fizikia, lakini kuifundisha nilijifunza kwake. Wiki ya kwanza alikaa nyuma ya darasa langu akisugua vioo, akanisikia nikiongea kipindi kizima bila kugusa kifaa chochote. Wanafunzi walipotoka alikuja mbele, akafuta ubao wangu polepole kisha akasema, "Madamu, umesema vizuri kabisa. Lakini mtoto hawezi kuamini kitu hajaona. Wewe onyesha kwanza, maneno itakuja nyuma." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilianza kuonyesha, na sikuacha tena.

Sasa, somo langu la kwanza la gesi. Nilichukua chupa ndogo ya manukato, nikaifungua mezani kwangu, nikawaambia molekuli hizi zinakimbia mamia ya mita kwa kila sekunde, zinashinda ndege. Nyuma kabisa akainuka msichana mmoja, mtoto wa mfanyabiashara wa nguo, sura imejaa mashaka. "Madamu, umesema zinashinda ndege. Sasa mbona harufu imenifikia nimeshamaliza kuandika ukurasa?" Darasa likaangua kicheko. Nikasema, "Swali zuri," maneno ambayo mwalimu huyasema akitafuta mlango wa kutokea.

Jibu lilinijia Jumamosi, nilipokuwa nikishuka mjini kununua chaki za rangi. Watu walikuwa wamejaa kama siagi kwenye kopo. Nilisukumwa kushoto na mwenye gunia, nikasukumwa kulia na mwenye ndizi, nikarudishwa nyuma na mama mwenye watoto watatu, na miguu yangu haikusimama hata mara moja. Nilikuwa natembea haraka lakini sifiki! Pale pale barabarani nilipiga makofi peke yangu. Molekuli ya manukato inakimbia kweli, ila inagongana na hewa kila wakati na kubadilishwa njia. Jumatatu niliwapanga wanafunzi katikati ya darasa, nikamwambia yule msichana apite kutoka ukuta hadi ukuta huku kila mmoja akimgusa bega na kumgeuza. Alipofika upande wa pili alikuwa ameelewa, na alikuwa amechoka.

Tatizo la kweli ambalo lilinisumbua miaka ni lingine. Kitabu kinasema: kasi ya wastani ya molekuli ni kadhaa. Mwanafunzi anasoma neno "wastani" na papo hapo anaamini kwamba molekuli zote zinakimbia kasi hiyo, bega kwa bega, kama maaskari kwenye gwaride. Kwa watoto wa kambini kama mimi, gwaride ni picha tamu sana. Lakini ni picha ya uongo.

Niliwaambia wasimame kando ya barabara ya Jinja waangalie bodaboda. Wachache wamekwama au wanatafuta abiria, kasi yao ni karibu na sifuri. Wengi wanakwenda mwendo wa kati. Kisha kuna wale wachache ambao mama zao wangewaona wangelia. Ukichora mchoro, mlalo ukiwa kasi na wima ukiwa idadi ya wenye kasi hiyo, unapata mstari unaoanzia sifuri, unapanda haraka kuwa nundu, kisha unashuka polepole na kuacha mkia mrefu upande wa kulia. Wanafunzi wangu walipenda kuuchora kama kilima kilicho sawa pande zote mbili. Hapana! Upande wa kushoto kuna ukuta, kwani huwezi kukimbia chini ya sifuri. Upande wa kulia hakuna ukuta wowote. Ndiyo maana mkia unarefuka huko.

Na huo mkia, jamani, huo mkia ndio unaoendesha maisha yetu. Kwa nini nguo inakauka kwenye kamba Kampala, wakati jua letu halijawahi kuchemsha maji? Kwa sababu ndani ya maji yale kuna molekuli chache za mkiani, zenye mbio za kutosha kuchomoka na kwenda zao. Kwa nini chai inapoa ukiipuliza? Kwa sababu unawafukuza wale wenye mbio waliokwisha kutoka wasirudi, na wanaobaki kikombeni ni wapole. Nilikuwa nikifika hapa sauti inapanda, chaki inakatika, na Kiswahili kinaanza kutoka. Wanafunzi walinitazama kwa upendo na huruma, kama unavyomtazama shangazi anayecheza peke yake harusini. Walikuwa wananipenda mimi, lakini mkia hawakuuona.

Miaka ikapita hivyo. Kisha fizikia ya juu ikaanza kupungukiwa na wanafunzi. Mnajua utaratibu wetu: mtoto akiingia kidato cha tano anachagua masomo matatu, ile tunayoiita kombinesheni, na uchaguzi huo unafunga milango mingi na kufungua michache. Ikasambaa shuleni kwamba fizikia ni ngumu, kwamba inashusha alama, kwamba historia na uchumi zina uhakika zaidi. Mwaka mmoja darasa langu lilijaa meza mbili. Mwaka uliofuata lilijaa meza moja, na kwenye meza hiyo mmoja alikuwa amekosea chumba.

Mkuu wa shule wakati huo alikuwa Bwana Byaruhanga, mwalimu wa historia, mtu mwungwana mwenye suti zilizonyooka. Aliniita ofisini. "Madamu Achan," alisema, "mimi sina ugomvi na fizikia. Lakini siwezi kuendesha darasa la watoto wawili watatu. Mwaka huu wasipojaza chumba, sitaifungua. Ile maabara nitaifanya bweni." Nikamuuliza kama ni neno lake la mwisho. Akasema ndiyo, na akaniagizia chai, jambo lililoniudhi zaidi.

Nilitoka pale chai sijaigusa. Nje ya mlango alikuwa amesimama Furaha. Alikuwa mtoto wa Wakongo wa Namuwongo, mama yake anauza vitenge, na alikuwa amemaliza kidato cha nne kwetu akiwa wa kwanza katika fizikia. Alitaka kuwa injinia wa umeme, na alilisema hilo jinsi mwingine anavyotaja kabila lake. Alikuwa amesikia kila neno, maana milango ya shule yetu ni myembamba.

"Madamu, banafunga fizikia?"

"Bado hawajafunga."

"Mi siwezi kuenda shule ingine. Iko mbali, na saa ya mangaribi njo mimi nachunga badogo zangu, mama akiwa soko. Kama hapa haiko, basi, haiko."

Nilimshika bega tu, nikaenda moja kwa moja maabara kwa Ssalongo. Kama kila mwaka, kila mwalimu angepewa kipindi kimoja mbele ya kidato cha tano chote kabla ya kuchagua, ajinadi yeye na somo lake. Nilikuwa nimezoea kwenda na chaki na mchoro wangu wa mkia. Mwaka huu, nikamwambia, nataka waione gesi yenyewe.

Ssalongo aliweka brashi chini. "Kale, sawa," akasema. "Tutajenga."

Mtambo wenyewe si siri, mnaweza kuujenga kesho. Chukua sanduku la plastiki inayoonyesha ndani. Sakafu yake iwe bamba la chuma lililoungwa kwenye mota ya cherehani, ili litetemeke. Juu ya bamba weka gololi ndogo za beringi. Ukiwasha mota, bamba linazirusha, zinagongana, zinapiga kuta, zinajaza sanduku zima kwa kelele. Hiyo ni gesi, ila molekuli zake unaziona kwa macho. Kisha ubavuni toboa mwanya mwembamba ulionyooka. Gololi inayobahatika kuelekea pale inachomoka nje na kuanguka. Ya polepole inaanguka karibu, yenye mbio inaanguka mbali. Panga chini yake visanduku vyembamba, kimoja baada ya kingine, ungoje. Malundo yanayojikusanya humo ndiyo mchoro wangu wa ubaoni, umejichora wenyewe.

Mota tuliipata kwa mzee wa Kihindi anayeuza vipuri vya cherehani karibu na shule. Aliuliza tunashona nini, nikamwambia tunashona hewa, akatupunguzia bei. Gololi Ssalongo alizitafuta Nakawa, kwa mafundi wa magari, akaleta kiasi cha konzi mbili. Tulizijaribu alasiri moja. Mota ikanguruma, gololi zikaruka, na kwenye visanduku kikatokea kilima kidogo chenye mkia upande wa mbali. Nilipiga kelele hadi mwalimu wa dini akaja kuuliza kama kuna moto. Kilima kilikuwa kidogo mno kuonekana kutoka nyuma ya chumba, kwa hiyo nilimwomba Ssalongo jambo moja tu: aongeze gololi, nyingi iwezekanavyo.

Siku ya kipindi changu ilifika. Kidato cha tano chote kiliingia maabara, wengine wamekaa, wengine wamesimama juu ya mabenchi. Furaha alikuwa mbele, mikono ameifumbata. Mkuu naye alisimama mlangoni, kwa adabu. Ssalongo alileta bakuli la gololi, nyingi mno, na zote, hadi ya mwisho, amezipaka rangi ya fedha. Ziling'aa kama vyombo vya harusi. Nikamnong'oneza, "Umezipata wapi zote hizi?" Akajibu, "Madamu, wewe fundisha."

Nilieleza nitakachoonyesha. Niliwaambia wataona nundu moja na mkia mmoja. Niliwachorea ubaoni. Niliapa. Nikamimina gololi, nikawasha mota, na sanduku likalipuka kwa makelele. Gololi zikaanza kuchomoka kwenye mwanya, ta-ta-ta, zikianguka kwenye visanduku, na chumba kizima kikainama mbele kutazama.

Nundu ikaanza kuota karibu na mtambo, vizuri kabisa. Kisha, mbali kidogo, mahali ambapo palitakiwa kuwa na mkia unaoshuka taratibu, lundo la pili likaanza kupanda. Nikadhani macho yananidanganya. Likaendelea kupanda. Nilipozima mota kulikuwa na nundu mbili na bonde katikati, kama mgongo wa ngamia mwenye kujigamba.

Sauti ya mvulana ikatoka nyuma: "Madamu, si ulisema moja?" Kicheko kikapasuka. Mkuu alitazama saa yake. Nilimtazama Ssalongo, naye alikuwa anatazama dari kwa makini sana, kana kwamba kuna mtihani umeandikwa huko.

Mnajua mwalimu hufanya nini hapo. Anasema mtambo umeharibika, anafuta ubao, anaendelea. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Lakini nilivitazama visanduku, na nundu zile zilikuwa safi mno kuwa uharibifu. Kitu kilichovunjika hakijipangi hivyo. Nikasikia damu inachemka, si kwa aibu, kwa hamu. Nikasema kwa Kiswahili, na kwa sauti kubwa, "Sijui! Sijui kwa nini ziko mbili! Nani anajua?"

Sidhani kama waliwahi kumsikia mwalimu akisema hivyo huku anacheka. Mmoja akasema labda mwanya umepinda. Tukaukagua, umenyooka. Mwingine akasema mota inabadilisha mwendo, kwanza polepole, halafu haraka. Hilo lilikuwa wazo zuri, nikamwambia aje asikilize mota kwa sikio lake. Akasikiliza, mlio ni mmoja. Watatu wakaanza kubishana kuhusu kona za sanduku. Walikuwa wameshashuka kutoka kwenye mabenchi, wamezunguka meza, na hakuna aliyekuwa ananitazama mimi.

Furaha alichota gololi kutoka kwenye nundu ya karibu kwa mkono wa kulia, na kutoka kwenye nundu ya mbali kwa mkono wa kushoto. Akasimama hivyo, mikono miwili mbele, macho yakapanuka.

"Madamu! Shika. Hizi za huku ziko na uzito. Hizi za kule ni kama hakuna kitu!"

Nikazishika. Ilikuwa kweli. Mkono mmoja ulishuka, mwingine ulibaki hewani. Nikakwangua moja ya zile nyepesi kwa ukucha, rangi ya fedha ikatoka, na chini yake ikawa plastiki ya rangi ya machungwa.

"Ssalongo," nikasema.

"Banange," akasema Ssalongo. Akashusha macho kutoka kwenye dari. "Madamu, Nakawa chuma iliisha. Mimi nikaona risasi za plastiki, zile ya bastola ya watoto kucheza. Saizi moja! Nikapima, saizi moja kabisa. Nikasema gololi ni gololi. Nikapaka rangi."

Mimi binti wa polisi, nilikuwa nimejaza mtambo wangu risasi, na sikujua! Nilicheka hadi nikashika meza. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu nilikuwa nimeona kilichotokea. Nikawageukia nikipiga ubao kwa kiganja. Jamani, hizi ni gesi mbili ndani ya chupa moja! Sakafu ni ile ile, mtetemo ni ule ule, maana yake joto ni moja. Lakini wepesi wamekimbia zaidi ya wazito. Kila kundi lina nundu yake na mkia wake. Hivi ndivyo hewa ilivyo, mchanganyiko wa wazito na wepesi, na kila mmoja ana mgawanyo wake wa kasi. Na hidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote, mbona hatunayo angani kwetu ila chembe? Nikawauliza wao.

Mvulana yule yule aliyesema "si ulisema moja" ndiye aliyejibu, polepole, kana kwamba anashuka ngazi gizani. "Kwa sababu... mkia wake unafika mbali zaidi. Inakimbia mpaka inatoroka dunia?"

"Inatoroka!" nikapiga kelele. "Si yote siku moja. Wale wa mkiani kwanza, halafu wengine wanakimbia wanajaza mkia, nao wanatoroka. Taratibu, mpaka karibu yote imekwenda."

"Tuone," Furaha akasema. "Madamu, ongeza moto."

Tukatenganisha gololi kwanza, watoto ishirini mikono mezani, wakizipima kwa viganja, nzito huku, nyepesi kule. Tukaendesha chuma peke yake: nundu moja. Plastiki peke yake: nundu moja, mbali zaidi. Kisha Ssalongo akafungua mota hadi mwisho. Nundu ikabonyea, ikasogea, mkia ukarefuka, na gololi za mwisho zikapita visanduku vyote, zikapita meza, zikagonga ukuta, zikatawanyika chini ya miguu ya watu. Watoto wakaruka wakipiga mayowe. Ssalongo akawa anazifukuza kwa mikono na magoti akisema, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni!" na kwa mara ya kwanza methali ile ilinitia shaka kidogo, kwa sababu zile zilizofika ukingoni ndizo zilizokuwa na raha zaidi. Kengele ilipolia hakuna aliyetoka. Mlangoni palikuwa patupu. Mkuu alikuwa ameondoka, na sikujua aliondoka wakati gani: wakati wa aibu au wakati wa furaha.

Jioni ile Ssalongo aliniomba radhi. Nilimwambia akithubutu kuomba radhi tena nitampaka rangi ya fedha yeye mwenyewe.

Lakini kicheko hakijazi darasa, hilo nilijua. Watoto hufurahia kitu kimoja na kuchagua kingine, hasa wakishaongea na wazazi. Furaha alipita maabara kila alasiri, akauliza kama nimesikia neno, nami kila alasiri nikasema bado. Mambo yaliyofuata miaka ya karibuni mnayajua, mlikuwepo, na wengi wenu mlinisaidia kuukarabati mtambo ule. Kwa hiyo nitawaachia asubuhi ile moja tu ambayo hakuna kati yenu aliyeiona.

Wakati ule viti vya shule vilikuwa havitoshi, kwa hiyo siku ya kuchagua kila mwanafunzi wa kidato cha tano alichukua kiti chake ukumbini na kukibeba hadi kwenye chumba cha somo alilochagua. Nilikaa maabara tangu mapema. Ssalongo alikuwa ameondoa mabenchi ili pawe na nafasi, na nafasi ile tupu ilitisha. Tulisikia miguu kwenye korido. Viti vikaburuzwa, vikapita mlango wetu, vikaelekea historia. Vingine vikapita, vikaelekea uchumi. Ssalongo akaanza kusugua bika ya kioo ambayo ilikuwa safi.

Furaha aliingia wa kwanza. Alikiweka kiti chake katikati kabisa, mbele, akakaa, akatazama ubao mtupu. Tulikuwa watatu ndani ya chumba kile. Nilihesabu chaki zangu. Nikazihesabu tena. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia mtoto wa watu.

Kisha mlango ukagongwa na mguu wa kiti. Yule mvulana wa "si ulisema moja" akaingia kinyumenyume, amekibeba kichwani. Nyuma yake wawili. Nyuma yao kundi, wanasukumana, viti vimenasana miguu, mtu anasema mnanikanyaga, mwingine anauliza kama leo tutaweka gololi za aina tatu. Wakajaza mstari wa mbele, wa pili, wakajaza mpaka kwenye kabati. Ssalongo akatoa meza nje kupitia dirishani. Furaha alikuwa amegeuka kwenye kiti chake akiwatazama, mkono mdomoni, machozi yanamtiririka huku anacheka. Mimi nilikuwa nalia pia, na sikujali nani ananiona.

Mkuu akatokea mlangoni. Hakuweza kuingia, viti vilikuwa vimeziba njia. Akanyoosha shingo juu ya vichwa, akaanza, "Madamu Achan, nilitaka kusema—"

"Mkuu," nikamwambia, "subiri nje. Nina darasa."

Akasubiri.